Sanda Mabegani mwa Mbega

Sogeeni, nyie mliomaliza shule. Mimi nilitoroka mapema, lakini muulizeni mwalimu wenu kwa nini mbega ana weupe mabegani, muone atakavyokohoa. Mimi najua.

Zamani mbega alikuwa mweusi tii, toka kichwani hadi ncha ya mkia. Mbega walikaa kwenye vilima viwili, Kitopeni na Mvuleni, na bondeni kati yake ndiko watu walikojenga. Watu hao walikuwa na mila: kila mwenye kiwanja aliacha mti mmoja, matawi yake yashikane na ya jirani. Njia hiyo ya matawi wakaiita ushoroba. Mbega walipita juu, watu walipika chini, hakuna aliyemsumbua mwenzake.

Kisha yakaja mabati, na majani yakawa yanaziba mifereji. Chambuso, aliyejenga wa kwanza pale, akaukata mti wake. "Mmoja tu," alisema. "Majirani si wanayo?" Majirani nao, wajanja kama yeye, wakasema vilevile.

Mbega jike mmoja wa Kitopeni akapata habari kwamba dada yake amefariki kule Mvuleni. Kwa desturi yao, sanda huletwa na ndugu wa tumbo moja. Akaitupia mabegani ili mikono ishike matawi, akaenda mbio. Kwenye mti wa mwisho akakwama. Mbele yake paa za mabati zilizoachana, chini mbwa.

"Mzee Chambuso, nipishe nikamzike dada."

"Pitia kwa jirani yangu Mwanakombo, mama. Mie nimekata mmoja tu."

Mwanakombo akatoka na mwiko mkononi. "Kwangu? Mie nilijua wewe umeuacha wako."

Wakatazamana, kisha wakaliangalia bonde. Halikuwa na tawi hata moja.

Maiti hangoji jua lichwe. Kule Mvuleni wakamzika dada mtu kwa majani ya mgomba, na yule wa Kitopeni akiwaona kwa mbali. Alipotaka kuivua sanda, ilikuwa imeshaota nywele mwilini mwake.

Jioni ile Chambuso alipanda mche. Mche ulimfika gotini.

Na tangu siku hiyo mbega huvaa weupe mabegani, na mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima, kama aliyeviringishwa sanda. Mkimkuta kwenye mti wa mwisho pale Kitopeni, ameelekea bondeni, msimrushie jiwe. Bado ana kitu cha kupeleka.