Kikombe cha Kwanza cha Naghenjwa

Ewe uliyenuna hapo kwenye kigoda, eti kwa sababu kikombe cha kwanza kapewa shangazi yako! Kunjua uso nikueleze.

Zamani hizo, huku kwetu milimani Upare, pombe ya kutonesha, ile inayochemshwa chunguni mvuke wake ukapoa na kudondoka matone, ilikuwa kali tu, haina harufu wala ladha. Aliyeibadilisha ni Naghenjwa, mke wa Senkondo. Mama huyo alikuwa mtu wa msituni hasa: kila jani alilinusa, kila gome alilitafuna, na ndiye aliyechuma vitunda vya buluu vya mti wa mwangati akavitia chunguni. Weee! Watu walipanda mlima kutoka mbali kuja kuonja.

Lakini Naghenjwa hakujaliwa mtoto, na hilo lilimuuma sana. Mama mkwe wake, Nakiete, alikuwa na ulimi mchungu. Miangati mingine huzaa na mingine haizai kabisa, basi Nakiete akaamuru isiyozaa ikatwe yote iwe kuni za kupikia pombe. Akamgeukia mkwewe akasema, "Kisichozaa kina kazi gani hapa? Na wewe zamu yako inakuja, utarudi kwa baba yako."

Wakakata, wakamaliza. Msimu uliofuata miangati iliyobaki haikutoa hata tunda moja. Pombe ikawa moto mtupu kama zamani, wanywaji wakapotea, na Nakiete akasema mkosi ni Naghenjwa, afungashe aende.

Maskini, alilia mpaka macho yakavimba. Kisha akaomba asubiriwe msimu mmoja tu, akaingia msituni kutafuta miangati inayozaa. Akatembea mpaka bonde ambalo shoka halikuwa limefika. Huko miangati ilizaa hadi matawi yakainama, na katikati yake ilisimama ile isiyozaa. Upepo ulipovuma, vumbi la manjano lilitoka kwenye ile isiyozaa, likatua kwenye ile yenye matunda. Naghenjwa akaelewa. Akakata matawi yenye vumbi, akayafunga kwenye nguo yake, akarudi kuyakung'uta juu ya miangati ya nyumbani.

Ikazaa, jamani! Pombe ya kwanza ilipotoka, Nakiete alikinga kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Akampigia goti mkwewe, jambo ambalo mama mkwe hafanyi, akasema huku analia, "Pokea, mama. Nisamehe."

Na tangu siku hiyo, tukishamwaga yale matone ya mwanzo yenye sumu, kikombe cha kwanza hupewa mwanamke asiye na mtoto, na kila anayetaka kunywa baada yake humpigia goti na kumwita mama. Haya, inuka hapo kwenye kigoda. Shangazi yako anakungoja.