Bolti ya Mwisho ya Mzee Ndahani

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana magari yalikuwapo na mengine yalikwisha kuchakaa, Mzee Ndahani wa Ugogoni alikuwa na pikapu aliyoipenda mno na kuitunza ovyo. Rejeta aliijaza maji ya kisima, yale ya chumvi. Ni ya bure, alisema, na gari halina ulimi.

Siku ya kwenda kumposea mwanawe, mbuzi wa posa yuko nyuma na ndugu wamevaa vizuri, pampu ya maji ikafa njiani. Pampu mpya ilikuwa chini ya kiti, imelala huko muda mrefu kwa uvivu wa mwenyewe. Bolti za ile kuukuu zikafunguka zote isipokuwa moja, iliyoshikwa na kutu ya chumvi.

Mzee akahaha. Baba wa binti alikuwa anapokea posa mbili siku hiyo, na alikwisha kusema atakayefika baada ya adhuhuri asijisumbue kubisha hodi. Mzee akaapa mbele ya wote: "Atakayeitoa bolti hii, aombe atakacho, nitampa."

Fundi Chibago, mmoja wa msafara ule, akaimwagia dizeli, akaigongagonga, akangoja, akavuta. Haikutoka. Sechelela mchomeleaji, naye wa msafara, akaifuta, akaipiga moto wa mtungi wake wa gesi mpaka ikaiva, akangoja, akavuta. Haikutoka. Wakakaa chini kupumzika.

Akapita kijana wa suti, akiwaendesha wazee wake. Akasimama, akavua koti, akaomba spana. Akavuta mara moja, bolti ikatoka.

Pampu mpya ikafungwa, injini ikawaka. Mzee akamkumbatia kijana, akamwambia aombe. Kijana akauliza kwanza wanakwenda wapi. Kwa Mzee Mbijima, wakamjibu, kuposa.

Kijana akavaa koti lake taratibu. "Nami ndiko niendako," akasema. "Basi, mzee wangu, naomba mgeuze gari, mrudi nyumbani."

Mzee Ndahani akapanda garini. Mwanawe akainamisha uso, kwa kuwa alimpenda binti yule kweli.

Ndipo Chibago akasimama. "Bolti ni yangu. Bila dizeli yangu ingekukatikia mkononi. Nami naomba twende."

"Ni yangu," akasema Sechelela. "Moto ndio ulioilegeza, yeye kaikuta imeshakubali. Naomba twende, na hiyo chumvi, baba, uache."

"Mzee hakusema atakayeilegeza," kijana akajibu kwa adabu. "Alisema atakayeitoa."

Mzee akatazama jua, akamtazama mwanawe. Maneno ya wale wawili yalimwingia sana moyoni, na alijua fika kwa nini yanamwingia. Alijua pia kwamba lau angemwaga maji safi kwenye rejeta, asubuhi hiyo asingekuwa na deni kwa mtu yeyote. Akashika usukani, injini inanguruma, gia hajaingiza.

Nanyi mnaonisikiliza, wekeni kando huruma zenu, mwamulieni. Je, ni nani aliyeitoa bolti ile, na pikapu ielekee wapi?