Lango Lililopigiwa Hodi na Mfalme

Jamani, niwape au nibaki nayo?
*Tupe!*
Nikiwapa, mtaitupa njiani?
*Tutafika nayo nyumbani!*

Basi, mvua ilikataa. Mito ikakauka, likabaki bwawa moja tu. Kiboko akalizungushia boma la miiba, akaweka Lango la mbao nene, akajifungia ndani, akajiita mfalme.

Mnyama akija na mzigo wa nyasi, husimama nje. "Hodi!"

"Sijasikia!" Kiboko hunguruma ndani. Nguu! Nguu!

"Hodiii!"

"Weka nyasi nyuma ya kilima, urudi kesho."

Hakuna aliyemwona mfalme. Waliona mbao tu, wakasikia sauti. Wakazoea kusema: Lango limekataa. Lango limekasirika. Wengine walilipigia magoti. Kiboko alifurahi, maana waliokufa kwa kiu hawakumlaumu yeye.

Bi Pimbi alikuja na mwanawe Kitunu mgongoni. Kitunu alikuwa halii tena.

"Hodi! Mwanangu anakufa!"

"Sijasikia!"

Mzee Nyumbu akamvuta pembeni. "Nenda, mwanangu. Lango limeshasema."

Bi Pimbi hakwenda. Alijibanza kwenye miiba. Jua lilipowaka, wote wakaenda kivulini. Kwiiii! Lango likafunguka, Kiboko akatoka kunyemelea nyasi alizoletewa, zilizorundikwa nyuma ya kilima. Bi Pimbi akaingia mbio, akashusha komeo. Ndu! Akamlaza Kitunu majini. Fyo, fyo, fyo. Mtoto akafumbua macho.

Kisha mama akajificha nyuma ya Lango, akaingiza kichwa ndani ya mtungi mtupu uliokuwa hapo, akanguruma: "Nguu! Lango linasema: njooni wote mnywe!"

Wakaja wakikanyagana. Akainua komeo wakapita, akalishusha tena.

Kiboko akarudi, tumbo limejaa, ngozi inapasuka kwa jua.

"Fungua!"

"Nani hapo?" mtungi ukauliza.

"Mfalme!"

Mzee Nyumbu akachungulia penye ufa, akacheka. "Mfalme gani, mzee? Anayetutawala ni Lango. Wewe umetoka wapi na tumbo hilo?"

"Nitalivunja!"

Bi Pimbi akasogea kwenye ufa, akamnong'oneza: "Vunja, baba. Likishavunjika, utaamrisha kwa kinywa gani?"

Kiboko akainua kichwa ili apige. Akakishusha. Akakiinua. Akakishusha.

"Hodi," akasema.

"Sijasikia!"

"Hodiii!"

"Karibu. Kunywa, kisha uwapishe wengine."

Jua lilipopoa, Bi Pimbi alitoa kichwa mtungini, akajitokeza. "Jamani, nilikuwa mimi. Hizi ni mbao tu."

"Shh! Bi Pimbi!" Mzee Nyumbu akamziba mdomo. "Lango litakusikia!"

Bi Pimbi akabingirisha jiwe, akaliegemeza kwenye Lango lisifungike tena. Kesho yake wanyama walikuja, wakasimama mbele ya Lango lililo wazi, wakapiga hodi. Kitunu peke yake ndiye aliyepita tu.

Basi funzo ni hili: watoto, liheshimuni Lango. Msijibanze kwenye miiba, msiingize vichwa mitungini, na mkishikwa na kiu, ngojeni hadi liseme. Bi Pimbi hakungoja, na mmeona yaliyompata: mwanawe akapona.

Mimi nimeitua. Nani anaibeba?
*Sisi!*
Haya, piteni. Hakuna aliyefunga.