Nyaya za Boti ya Wagonjwa

Hapo zamani, na si zamani sana maana hasira yangu haijapoa, kijiji kimoja cha Ziwa Tanganyika kilikuwa na boti moja ya kupeleka wagonjwa hospitali, ng'ambo ya ghuba. Barabara hakuna. Mbele boti ilikuwa na gurudumu la kuongozea, na kutoka hapo nyaya mbili zilipita sakafuni mpaka kwenye usukani, nyuma majini.

Siku moja usukani uligonga mwamba ukapinda. Fundi Kashindi akaunyoosha, akafunga nyaya mpya. Akazikosea: ya kulia akaifunga kushoto, ya kushoto kulia. Hakujaribu. Alikusanya spana zake akaenda kula.

Nahodha Rukonge aligundua siku ileile. Ukikata kulia, boti inakwenda kushoto. Mnadhani alisema? Thubutu. Mkono wake ulizoea, na alifurahi kwamba hakuna mwingine awezaye kuiendesha.

Kisha Nyandwi, binti pekee wa Bi Kagoma, akashikwa na uchungu. Mtoto amekaa vibaya, mkunga kashindwa. Rukonge alikuwa msibani, kijiji cha pili. Bi Kagoma akapanda botini na bintiye, na msaidizi wa Rukonge, Hamenya, akashika gurudumu. Walipotoka tu ufukweni boti ikaenda kombo. Akasema ni mawimbi, akaongeza mwendo. Walipoifikia miamba akakata kulia kuikwepa, boti ikaenda kushoto, ikaivaa, ikapinduka. Hamenya aliogelea akamtoa Bi Kagoma. Nyandwi hakumpata.

Baada ya matanga kijiji kikamwambia Bi Kagoma: boti itatengenezwa, na watu wa kuihudumia tunawahitaji. Kati ya hawa watatu chagua mmoja tu asiikanyage tena maisha yake yote, hata akiugua.

Kashindi akasema, "Nilikosea, mama. Lakini ni kosa la kurekebisha nusu saa, kama ningeambiwa."

Rukonge akasema, "Niliiendesha hivyohivyo miezi minne, hakulowa mtu. Siku hiyo mimi nilikuwemo?"

Hamenya akasema, "Mliita, nikaja. Ningerudi ufukweni, mngesema nimemuua kwa woga."

Bi Kagoma akawatazama mmoja mmoja. "Wote mna midomo ya kujitetea," akasema. "Mwanangu hana."

Akanyanyua kidole.

Haya, nyinyi mnaoguna hapo, msinitazame mimi. Je, kidole kile kilistahili kumwangukia nani?