Fuko na Viazi vya Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa.

Aliyejibu kwa sauti ndogo ana wivu na jirani yake, namjua. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, jembe likiwa bado halijatiwa mpini, Fuko na Bi Kanga walikuwa majirani. Wote walipanda viazi vitamu. Vya Kanga vikatambaa, majani mabichi, yanametameta. Roho ikamuuma Fuko. Akila anaviona. Akilala anaviona.

"Mume wangu, matuta yetu yamejaa magugu," akasema Mama Fuko. "Watoto watakula nini?"

"Ngoja kwanza Kanga akose," akajibu Fuko.

Hata kuviiba hakutaka. Alitaka visiwepo. Akaingia chini ya shamba la Kanga, akachimba. Chimbu, chimbu, chimbu. Leo shimo, kesho shimo, ili ardhi ititie na viazi vioze. Mwezi wa kwanza anachimba. Mwezi wa pili anachimba. Kwake hakugusa jembe.

Mnajua kiazi kinapenda nini? Udongo uliolegea. Mvua ikanyesha, ikazama vizuri, viazi vya Kanga vikanenepa kama mapaja ya mtoto mchanga. Vya Fuko vikatoka vyembamba kama mikia ya panya, vikaliwa siku mbili vikaisha. Watoto wakalia njaa.

Siku ya mavuno Kanga akaja, kikapu kichwani. Desturi yao ilikuwa hii: aliyekulimia hupewa kikapu cha kwanza.

"Jirani, nimeona mashimo yako," akasema. "Kumbe ulikuwa unanilimia kimyakimya. Haya, pokea."

Watoto wakasogea. Mama Fuko akanyoosha mikono. Fuko akamtazama Kanga usoni, akaona furaha. Furaha ile ikamchoma kuliko njaa.

"Sikukulimia," akasema. "Nilikuwa nakuharibia."

Kanga akajitwika tena kikapu chake, akarudi kwake, titi, titi, titi.

"Umemwona?" Fuko akacheka. "Leo ameondoka amenuna."

Akageuka. Mama Fuko alikuwa tayari njiani, watoto nyuma yake, wanamfuata Kanga kwenda kuomba kazi ya kuvuna.

Haya, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: anayeshinda akiichimba neema ya jirani huiacha nyumba yake ife njaa, na hata akipewa chakula, wivu humzuia kukipokea.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye shamba na aende akalipalilie.