Umeona, au Umeambiwa?

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, nguchiro waliishi kwenye kichuguu chenye matundu saba. Bweha aliwatamani watoto wao. Akavamia. Nguchiro wakatoka wote pamoja, manyoya wima, chaa! chaa! Bweha akakimbia, pua inavuja damu.

Akamwendea Mlamba, ndege mweusi ajuaye kuiga kila sauti. "Hawa ukiwapiga wanashikamana. Wafarakanishe, panzi wote wanaowakamata watakuwa wako."

Mlamba akaanza. Akaiga sauti ya Chonjo, mlinzi wao: "Tii! Tii! Adui!" Nguchiro wakaacha chakula, wakakimbia, puru! puru! Adui hayupo. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Akanong'ona kwenye tundu la juu: "Wa chini wanaficha mayai." Akanong'ona kwenye tundu la chini: "Wa juu wanamlisha Bweha." Bweha naye akanyemelea, akaziba tundu moja kwa udongo. Kila mmoja akamshuku jirani yake.

Wakamfukuza Chonjo. "Mwongo we! Katishe vyura!"
"Jamani, sikuita mimi!"
Nani amsikilize? Akaenda, mkia chini. Kichuguu kikabaki bila mlinzi. Bweha akalamba midomo.

Bibi Kirembe, mkubwa wao, akawaita wote chini kabisa kichuguuni.

"Wanangu, nimekosa. Habari ya mayai niliieneza mimi. Sikuyaona. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe."

Enyi wenzangu, kukiri kosa ni kuzito kuliko gunia la mahindi. Hata mimi hunishinda.

"Nani alikuambia, Bibi?"
"Mlamba."
"Ala! Hata mimi, ile ya Bweha!"
"Na Chonjo, nani alimwona akiita?"
Hakuna. Uvumi wote ukaishia kwenye mdomo mmoja.

Wakazibua tundu. Wakamfuata Chonjo, wakamwomba radhi. Chonjo akasema, "Yamekwisha. Nikiita, nitazameni kwanza. Na leo tugombane kwa kelele, Bweha atusikie!"

Wakagombana. "Mwizi we!" "Mwizi babu yako!" Huku wanabana vicheko.

Bweha akasikia. Akaja taratibu, kifua mbele, kama bwana harusi.

Juu ya kichuguu, Chonjo akaita, "Tii! Tii!"
"Umeona, au umeambiwa?"
"Nimemwona! Huyooo!"

Matundu saba yakafumuka, wuuu! Mlamba akaiga upesi sauti ya Chonjo: "Rudini! Rudini ndani!" Wakatazama juu. Chonjo amefumba mdomo. Wakacheka, wakasonga mbele. Chaa! chaa! chaa! Bweha akakimbia, nusu ya mkia akaiacha. Mlamba akaruka, hakupata panzi hata mmoja. Siku hiyo watoto wa nguchiro waliuchezea ule mkia mpaka jua likachwa.

Wenzangu, adui akishindwa kwa meno huja kwa maneno. Kabla hujaipeleka habari, jiulize: nimeona, au nimeambiwa? Na ukikosea, sema mapema, nyumba yako ipate kupona.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya kichuguu. Chonjo bado amesimama, na Mola ndiye mlinzi wa walinzi.