Mtamba wa Kidawa na Vijiwe vya Nyongo

Haya, kaeni sawa, na anayetafuna atafune kimyakimya! Walikuwepo watu watatu. Zamda, mkono wake mwepesi wa kupokonya. Bwana Faraji, mpimaji wa utrasaundi, jicho kali. Na Mama Chausiku, mfagiaji wa hospitali, mdomo wake haujui kufungwa. Hao watatu wamemtia Kidawa hasira mpaka leo hajapoa.

Kidawa alikuwa anaumwa. Akigusa tu chakula cha mafuta, chini ya mbavu za kulia panamkamata, maumivu yanapanda mpaka begani. Wifi yake, ndiye huyo Zamda, akipita anacheka: "Kaona kinu, ugonjwa umeamka!"

Mara mbili kapimwa utrasaundi, mara mbili hawakuona kitu. Wangeona nini? Kule hospitali walisema aende hajala, maana mtu akishakula kifuko cha nyongo kinanywea. Lakini mama mkwe hakubali mgonjwa atoke na njaa, anamshindilia chapati na maziwa. Kidawa anaona haya kumkatalia. Na kule akiulizwa, anaona haya vilevile, anasema hajala. Jamani!

Mumewe Mbaruku akasema: "Kipimo cha tatu kikitoka kitupu, unarudi kwenu. Nimechoka na uvivu."

Kidawa akasimama uani, sauti mpaka kwa majirani: "Naapa kwa kaburi la baba! Atakayefanya ugonjwa wangu uonekane, mtamba wangu ni wake!" Na huyo mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, ndiye urithi pekee alioachiwa na baba yake.

Siku ikafika. Mama mkwe kaleta chapati, Zamda akazipokonya. "Mgonjwa wa kuigiza anakula nini? Aende hivyohivyo!" Akazila mwenyewe, zote nne, anamtazama usoni. Kidawa akaondoka na njaa na machozi.

Hospitali, Bwana Faraji akampaka yale mafuta ya baridi, akapitisha kifaa. "Ngoja. Naona vyeupe, na nyuma yake kivuli cheusi. Haya mawe." Mkubwa wake akachungulia: "Gesi ya utumbo hiyo. Andika hamna kitu." Faraji akaiweka kalamu chini. "Kivuli nimekiona, mzee. Siandiki."

Mama Chausiku anapiga deki mlangoni. "Mbona wengine mnawalaza ubavu, huyu hamjamgeuza?"

"We mama, fagia!"

"Nafagia na nasema!"

Wakamgeuza ubavu wa kushoto. Loo! Vile vyeupe vikabiringika ndani ya kifuko, vivuli navyo nyuma. Vijiwe vitatu, kama punje za mahindi! Mkubwa akatoka zake.

Kidawa akapasuliwa, akapona. Vijiwe kavileta nyumbani ndani ya kichupa, akakigonga mezani mbele ya Mbaruku. "Uvivu wangu huu hapa! Uangalie vizuri!"

Kisha akafanya dua ya shukrani, akawaita Faraji na Mama Chausiku, akawaeleza kiapo chake. Zamda hakuitwa, kaja. Tena kaja wa kwanza!

"Bila mimi ungekula," akasema. "Kifuko kingenywea kama siku zote."

"Ulinipokonya kwa chuki!" Kidawa akafoka.

"Uliapa kwa atakayefanya uonekane. Ulisema lazima akupende?"

Faraji akasema: "Njaa haioni kitu. Kivuli nilikiona mimi, na kazi yangu nusura niipoteze."

"Ukabaki umekikodolea macho!" Mama Chausiku akamrukia. "Bila mdomo wangu asingegeuzwa, na mkubwa wako angeandika mwenyewe!"

Mbaruku akajitia kupatanisha: "Mpe wifi yako, yaishe nyumbani."

"Wewe nyamaza! Ulitaka kunirudisha kwetu!"

Basi hapo alipo Kidawa, kamba ya mtamba kaishika mpaka vidole vimekufa ganzi. Kiapo cha kaburi la baba hakivunjiki, mtamba hagawanyiki, na Zamda kasimama pale anatabasamu, mafuta ya pilau mdomoni.

Nyie mnaocheka, ingekuwa nyie mmeishika hiyo kamba, mngemkabidhi nani? Na wewe uliyeshiba pale kwenye kona, usijifiche. Anza wewe.